Alaimenti ya nyuma kwa gari la zamani lililofanyiwa modi: maswali yanayoulizwa sana Arusha na Moshi

Haya maswali ya alaimenti, yani kupanga tairi zikae na zielekee inavyotakiwa, yanarudi kila mara kwenye gereji na vijiweni, kuanzia Sakina mpaka Majengo ya Moshi, hasa toka kwa wenye Mark II, Altezza, Subaru na BMW za zamani ambazo zimeshushwa, zimenyanyuliwa au zimevalishwa rimu pana. Majibu yameanza na ya msingi, zile kesi ngumu ziko chini. Kama swali moja limejibiwa kwenye lingine nimekuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

Kwani nyuma nako kuna alaimenti? Si inafanywa mbele tu?

Ipo, na kwa gari lililoguswa springi ndo ya kuanza nayo. Mbele unashika usukani unarekebisha mwenyewe kila sekunde, nyuma hakuna anayeshika, kwaiyo tairi za nyuma zinaelekea zilikofungwa kuelekea na gari zima linafuata huko. Sehemu nyingi ukisema "nataka alaimenti" wanakufanyia mbele tu, wanazungusha tairodi (fimbo zinazogeuza tairi za mbele) usukani unakaa sawa unalipa unaondoka, na tairi za nyuma zinaendelea kuisha kama kawaida.

Kemba, tou, pembe ya msukumo, ndo nini hivi?

Kemba ni tairi kulala ukiliangalia kwa mbele au kwa nyuma ya gari. Juu yake ikiingia ndani kuelekea kwenye bodi ni kemba hasi, ikitoka nje ni kemba chanya. Tou ni tairi linaelekea wapi ukiangalia toka juu: sehemu ya mbele ya tairi ikielekea ndani ni tou ya ndani, ikifunguka nje ni tou ya nje. Pembe ya msukumo inatokana na tou ya tairi mbili za nyuma kwa pamoja, yani nyuma inausukuma mwili wa gari kuelekea wapi. Tou ya kushoto na ya kulia zikilingana msukumo unapita katikati ya gari, zisipolingana nyuma inasukuma upande.

Kasta tuiache, hiyo ni habari ya mbele.

Gari yangu inarekebishika nyuma au nitakuwa nasumbua fundi bure?

Inategemea nyuma umefungwaje. Mark II ya GX90 na GX100 na Altezza zina mikono (vyuma vinavyoshika tairi kwenye bodi) ya kujitegemea kila tairi, na kwenye mikono ya chini upande wa ndani kuna bolti zenye kamu (kisahani ambacho tundu lake haliko katikati), ukizungusha bolti mkono unasogea ndani au nje, kwaiyo unapata kemba na tou zote. Subaru Impreza ya GC8 na Forester ya SF5 toka kiwandani zina kamu ya tou peke yake, iko kwenye linki (mkono mwembamba) ya nyuma upande wa ndani, kemba mpaka ununue vitu (angalia swali la Subaru iliyoshushwa). BMW E36 na E46 kemba iko kwenye bolti yenye kamu ya mkono wa chini, tou unalegeza braketi ya ule mkono mrefu unaotoka kwenye tairi kwenda mbele, pale inapofungwa kwenye bodi, unaisogeza kidogo kidogo.

Vitz na IST za kawaida zina boriti moja nyuma, hakuna bolti ya kurekebisha. Gari zenye eksli nzima kama Prado au pikapu za majani (springi za vyuma bapa vilivyopangwa) nazo hazina. Lakini kutokuwa na bolti haimaanishi haiwezi kupinda, hizo zina maswali yake mwishoni.

## Dalili

Tairi za nyuma zinaisha ndani tu, nje bado mpya. Ni kemba si ndio?

Hapa ndo watu wengi wanapotea, na ndo sababu kubwa ya kuandika haya yote. Kemba inalaumiwa sana lakini muuaji mkubwa wa tairi ni tou. Tairi lenye kemba hasi ya digrii 1.5 linalala kidogo ila bado linabingirika kuelekea gari linakoenda. Tairi lenye tou mbaya linabingirika huku linaburuzwa kwa ubavu muda wote.

Fanya hesabu uone. Tairi likipishana na uelekeo wa gari kwa nusu digrii tu, kila kilomita 1 linaburuzwa ubavuni kama mita 8.7. Arusha mpaka Moshi ni kama kilomita 80, kwaiyo ukifika tairi hilo limeburuzwa karibia mita 700 kwa ubavu kwenye lami. Alafu gari likiwa limeshushwa uzito umelalia ukingo wa ndani kwa sababu ya kemba, basi ule mburuzo wote unakula hapo hapo ndani. Ndo maana ukiangalia unaona kama kemba ndo mwenye kosa.

Kuhakikisha, pitisha kiganja juu ya tairi toka ndani kwenda nje, alafu rudisha nje kwenda ndani. Ukisikia upande mmoja laini na upande mwingine meno meno yanakwaruza, hiyo ni tou. Ikiwa imeisha ndani lakini laini pande zote, hapo kemba ina mchango mkubwa. Na usisubiri mpaka waya zionekane, ingiza kichwa chini uangalie ukingo wa ndani, manake ukisimama pembeni ya gari huuoni kabisa na gari ikishushwa ndo unafichwa zaidi na fenda.

Gari inaenda moja kwa moja ila usukani umekaa upande, na mbele nimeshafanya alaimenti mara nyingi

Acha kuchezea mbele. Hiyo ni pembe ya msukumo. Nyuma ikisukuma kulia pua inataka kwenda kushoto, we bila kujua unashika usukani kulia kidogo ili gari inyooke. Fundi akikunyooshea usukani kwa tairodi bila kugusa nyuma ameficha ugonjwa, gari itaendelea kutembea imekaa mshazari na ukifunga breki kwenye lami iliyolowa nyuma inakukumbusha.

Inavuta kushoto kidogo, nyuma ndo shida?

Huenda hakuna shida. Sisi tunaendesha kushoto na barabara zinajengwa na mgongo katikati ili maji yatoke, kwaiyo gari kuteremka kushoto taratibu ni kawaida. Tafuta sehemu tambarare pana, au kama barabara haina gari kabisa na ni salama jaribu kukaa katikati, uone inafanyaje. Alafu pima upepo, alafu badilishana tairi za mbele kushoto na kulia (kama hazina mshale wa uelekeo), mvuto ukihama upande ujue ni tairi lenyewe. Ukibaki pale pale ndo uanze kufikiria alaimenti, na breki iliyoshika pia, gusa rimu baada ya safari uone ipi ina joto kuliko mwenzake.

## Kabla ya kugusa bolti yoyote

Nianze na nini, alaimenti au bushi?

Bushi, yani ile mipira iliyo kwenye maungio ya mikono. Kila siku bushi. Alaimenti ni kupanga mahali tairi litakapokaa, sasa bushi ikiwa imekufa tairi halikai, ukipima limesimama hapa, ukikanyaga mafuta linaenda kule, ukifunga breki linarudi. Umelipia namba za kwenye karatasi tu.

Gari ya mwaka 1998 ambayo imeshapita barabara za Moshono na Olasiti miaka yote hiyo, chukulia bushi za nyuma zimechoka mpaka uhakikishe mwenyewe hazijachoka. Pandisha gari kwenye jeki stendi (sio jeki peke yake, tafadhali, watu wamefia chini ya magari), chukua nondo au tairi liva uchomeke kati ya mkono na bodi, sukuma. Mpira mzima unarudi polepole na chuma haisogei pembeni. Mpira uliokufa unaona ufa umezunguka na mkono unacheza kwa mlio. Angalia na boljointi kama zipo, beringi za habu (kitovu tairi linapofungwa) kwa kutikisa tairi juu na chini, na shokapu kama inavuja mafuta. Kwenye BMW E36 na E46 ile bushi kubwa ya mkono mrefu ndo ya kwanza kufa na ikifa nyuma inajigeuza yenyewe kwenye kona.

Kitu kimoja kinasahaulika sana gereji: bushi za mpira zinakazwa gari ikiwa imekaa chini kwa uzito wake. Mpira umegandishwa kwenye chuma ndani na nje, ukikaza bolti wakati tairi linaning'inia hewani, gari ikishuka mpira unakaa umepindwa muda wote, na tuta la kwanza tu pale Usa River unaanza kuchanika. Mtu anasema spea feki kumbe imefungwa vibaya. Spea feki nazo zipo, sikatai.

Bolti za kamu zimegoma kabisa, hazizunguki

Kawaida kwa gari toka Japani, nyingine zimetembea kwenye barabara za theluji zenye chumvi, bolti inashikana na kile chuma cha ndani ya bushi. Nati inafunguka vizuri, bolti haizunguki, na fundi mwenye hasira anaongeza bomba kwenye spana mpaka inakatika.

Kwanza safisha kwa brashi ya waya na uchore alama ya kamu ilipokaa kwa tipeksi, ili ukipotea ujue pa kurudi. Mwaga mafuta ya kulegezea kutu, uiache usiku kucha, rudia. Kisha jaribu kuizungusha kurudi na kwenda kidogo kidogo, usilazimishe upande mmoja. Moto wa gesi unasaidia ila unaunguza bushi, kwaiyo ukitumia moto jua unanunua na bushi. Ikigoma yote hayo inakatwa na grainda pande mbili za bushi, unaweka bolti mpya na kamu mpya. Wakati wa kurudisha paka grisi kwenye mwili wa bolti, mwenzako atakayekuja kuifungua baada ya miaka atakushukuru.

## Kupima na kurekebisha

Namba nzuri ni zipi?

Kama springi ni za kiwandani fuata za kiwandani. Kama imeshushwa na ni gari ya kutembelea kila siku, mi napendekeza nyuma kemba hasi digrii 1 mpaka 1.5, ikizidi sana 2. Tofauti ya kushoto na kulia isifike nusu digrii. Tou ya ndani digrii 0.05 mpaka 0.15 kwa kila tairi, kwenye rimu ya inchi 15 hiyo ni kama theluthi ya milimita mpaka milimita 1. Pembe ya msukumo karibu na sifuri kadri unavyoweza.

Tou ya nje nyuma usiweke kwa gari ya barabarani, hasa inayosukumwa na tairi za nyuma. Ukiingia kona uzito unahamia tairi la nje ya kona, na hilo likiwa linaelekea nje linavuta mkia utoke. Ukiwa unashuka toka Marangu na kamvua kameanza sio muda wa kujifunza hilo.

Wale wanaotaka kemba ya digrii 5 au 6 kwa ajili ya muonekano, ni gari yako na pesa yako, ila tairi linashika barabara kwa ukanda mwembamba tu na breki inakuwa ndefu. Siwezi kukushauri ufanye hivo kwa gari inayobeba watoto kwenda shule.

Naweza kupima mwenyewe nyumbani bila mashine?

Unaweza, na kwa tou unapata majibu ya kuaminika ukiwa na subira. Unahitaji uzi mwembamba wa nailoni ule wa fundi ujenzi, skwea paipu mbili ndefu kuliko upana wa gari, stendi nne, na rula ya chuma yenye milimita.

Sakafu kwanza. Iwe tambarare chini ya tairi zote nne, pima kwa ule mpira mwembamba wa maji wa fundi ujenzi, pasipolingana weka kipande cha kigae. Upepo sawa. Mafuta kama nusu tenki. Kama kawaida unaendesha peke yako weka uzito wako kwenye siti ya dereva, mfuko wa saruji wa kilo 50 na kitu kingine cha kufidia unatosha. Alafu sukuma gari mbele na nyuma mita kadhaa na uibonyeze bonyeze nyuma ikae, manake ikitoka kwenye jeki tairi zinabaki zimejikunja ndani na namba utakazopata ni za uongo.

Skwea paipu moja iweke mbele ya bampa, nyingine nyuma, kwenye stendi, kimo sawa na katikati ya habu. Kata alama mbili kwenye kila paipu, umbali kati ya alama uwe ule ule kwenye paipu zote mbili, funga uzi kwenye alama pande zote. Hapo una nyuzi mbili zilizo sambamba. Sasa sogeza paipu mpaka umbali toka uzi hadi katikati ya habu ya mbele kushoto ulingane na mbele kulia, na wa nyuma kushoto ulingane na nyuma kulia. Umbali wa mbele na wa nyuma kutofautiana ni sawa tu, upana wa mbele na nyuma wa gari nyingi haulingani.

Kisha tairi la nyuma: pima toka uzi mpaka ukingo wa rimu sehemu ya mbele, alafu sehemu ya nyuma. Tuseme mbele umepata 143 na nyuma 142. Mbele iko mbali zaidi na uzi, kwaiyo tairi linaelekea ndani, una tou ya ndani ya milimita 1. Kwa rimu ya inchi 15 milimita 1 ni kama digrii 0.15. Sukuma gari mpaka tairi lizunguke nusu, hakikisha uzi bado uko katikati, pima tena, chukua wastani, kwa sababu rimu za zamani nyingi zimepinda kidogo na kupinda huko kutakudanganya.

Kemba tumia timazi. Ning'iniza kando ya rimu, pima pengo la juu na la chini. Kwa inchi 15 tofauti ya milimita 6.6 ni digrii 1.

Kamu ipi nizungushe kwanza?

Kemba kwanza, tou mwisho, manake ukigusa kemba tou inahama yenyewe. Kwa gari zenye kamu mbili kila upande, mikono yote miwili ukiitoa nje sawa sawa unaongeza kemba hasi, ukiivuta ndani unaipunguza. Ukisogeza mmoja tu unabadilisha tou. Sogeza kidogo, kaza nati kiasi, sukuma gari ikae, pima. Kukaza kwenyewe kunahamisha namba, kwaiyo pima tena baada ya kukaza kwa torki (nguvu ya kukaza) ya kitabu cha gari. Ukimaliza nyuma pande zote ndo uende mbele, usianze mbele.

Kamu ikifika mwisho na bado kemba haijarudi basi umeshusha kuliko kamu inavyoweza, unahitaji mikono ya kurekebishika au upandishe springi kidogo. Kupandisha ni bei rahisi.

Nikienda kwenye mashine nimwambie nini fundi?

Mwambie unataka tairi zote nne, aanze nyuma, na unataka karatasi ya kabla na ya baada. Mwambie gari imeshushwa kwaiyo asifuate rangi ya kijani ya kompyuta (namba za kiwandani) kwa kemba, mpe namba zako (angalia swali la namba nzuri). Uliza kama zile klampu za rimu anazifanyia marekebisho ya kupinda kwa kusukuma gari kabla ya kusoma, akiruka hiyo hatua karatasi haina maana. Na simama hapo hapo uangalie kama kweli spana imeingia chini nyuma. Fundi mzuri hakasiriki ukiuliza, na Arusha wapo wazuri wa kweli wanaopenda hii kazi.

## Kesi ngumu

Subaru yangu imeshushwa, kemba ya nyuma imezidi na hakuna kamu ya kemba

Kuna njia mbili. Bolti za kamu za kufunga shokapu kwenye nako (chuma kinachobeba habu), zinarudisha kiasi kidogo. Au linki za kurekebishika urefu. Ukichukua linki, zile za chini ukizifupisha zinavuta sehemu ya chini ya tairi ndani na kemba hasi inapungua. Fupisha ya mbele na ya nyuma sawa, usipofanya hivo unaharibu tou.

Nimenyanyua Forester kwa spesa (vipande vya kunyanyulia), sasa imekaa vibaya nyuma

Ukinyanyua mambo yanageuka: kemba inaelekea chanya, tou inahama, na ule mkono mrefu ukiinama chini unalivuta tairi mbele kwenye tao la fenda. Ndo maana seti nzuri zinakuja na spesa za braketi ya ule mkono. Angalia pia draivushafti, pembe ikizidi buti za mpira zinachanika na grisi inamwagika. Kwa barabara za huku nyanyua kiasi, na alaimenti ni lazima siku hiyo hiyo.

BMW E30 je?

E30 ina mikono ya mshazari, ukishusha kemba na tou vinabadilika pamoja na kiwanda hakikuweka pa kurekebisha. Dawa ni bushi zenye tundu la pembeni, au kuchomelea braketi zenye tundu refu. Kuchomelea mpe mtu anayejua kuchomea chasisi, sio yeyote mwenye mashine.

Vitz imegonga kerebu, nyuma inakula tairi moja

Boriti au kile kipande cha habu kimepinda. Pima kwa uzi ujue upande gani. Kidogo kinarekebishwa kwa shimu (vipande vyembamba vya chuma) kati ya habu na boriti, kikiwa kikubwa tafuta boriti nyingine iliyotumika. Kuipasha moto na kuigonga inyooke usikubali, ile chuma imetengenezwa ijikunje na kurudi kila tuta.

Prado nimenyanyua, na tairi za nyuma zimetoka upande mmoja

Hiyo ni fimbo ya ulalo inayoshika eksli isiende pembeni. Ukinyanyua pembe yake inabadilika na inaivuta eksli upande mmoja. Weka fimbo ya kurekebishika urefu, rekebisha gari ikiwa chini. Kwa pikapu za majani ikitembea kama kaa, angalia bolti ya katikati ya majani, ikikatika eksli inateleza nyuma upande mmoja. U-bolti zilizolegea ndo zinaikata, kwaiyo zikaze tena baada ya safari chache toka zifungwe.

Nimebadilisha kimo cha koilova (shokapu na springi zinazorekebishika kimo) kidogo tu, sentimita moja, lazima nipime tena?

Lazima. Sentimita 1 inatosha kabisa kuhamisha tou. Ukibadilisha kimo, mkono, bushi au sabfremu (fremu ndogo inayobeba mikono) ikishushwa kwa kazi yoyote, pima. Kubadilisha shokapu peke yake kwenye Mark II au Altezza kwa springi zile zile haigusi kamu, ila kwenye Subaru shokapu ndo imeshika nako, kwaiyo hapo unapima. Springi mpya zipe wiki moja mbili zikae kwanza, hasa kama njia yako ni ile yenye matuta toka Kikatiti mpaka Boma Ng'ombe, alafu ndo ufanye alaimenti ya mwisho. Wiki hizo fanya ya uzi nyumbani ili tairi zisianze kuisha.